Visanduku vya muhuri, Amu hadi Shela: tulivyoifuata redio ya zamani kwa miguu

Baraza_la_Langoni (mleta uzi)

Assalaam aleikum wadau. Kuna walionidai mkasa huu tangu Ramadhani, na kila nikikaa kuuandika stima hupotea. Leo ipo, simu imejaa na watoto wako chuoni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Ilianza na mpwa wangu wa miaka kumi na moja. Tulikuwa tukisafisha chumba cha juu nyumbani kwa marehemu babu, akaibuka na redio ya mbao, ile yenye kitambaa cha manjano mbele na kioo kilichoandikwa majina ya miji. Akaigeuza, akaipekua mgongoni, akaniuliza: "Mjomba, hii huchajiwa wapi?"

Nilicheka peke yangu. Yeye hakucheka, alikuwa anauliza kweli. Nikajaribu kumweleza kwamba babu yake mkuu alikuwa akiitoa barazani baada ya Alasiri, watu wakajaa, na mwenye kukohoa wakati wa habari akafukuzwa. Akaniangalia kama ninayemsimulia Abunuwasi.

Basi nikakumbuka mchezo mmoja niliouona kwa mgeni aliyewahi kupanga nyumba ya jirani. Jina lake la Kiingereza tuliache, sisi tumeuita visanduku vya muhuri. Unaficha kisanduku mahali, ndani yake mna daftari na muhuri uliochongwa kwa mkono. Unaandika fumbo la kuwaongoza watu. Anayekuja ana daftari lake na muhuri wake. Akikipata, anagonga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lake, anagonga wa kwake kwenye daftari la kisanduku, anakirudisha alipokikuta, anaondoka. Hakuna zawadi wala mshindi. Ule muhuri kwenye ukurasa ndio kila kitu.

Nikasema: tutaweka vitano, kutoka Mkunguni hapa Amu, yaani Lamu mjini, hadi kijiji cha Shela, na kila kimoja kiwe na habari ya redio ya zamani.

Naendelea, ngoja niteremshe chai.

---

Kasa_Mzee

Nimekaa mkao wa kula. Endelea usituache njiani kama uzi wa punda.

---

mtoro_wa_pate

Huo mchezo naujua, niko huku Marekani mwaka wa tisa. Ulianzia Dartmoor, nyika yenye mawe na matope kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1854 muongoza wageni mmoja, James Perrott, aliacha chupa pale Cranmere Pool ili kila atakayejikokota mpaka huko aache kadi yake ndani. Mihuri ilikuja baadaye. Huku Marekani wengi waliujua baada ya jarida la Smithsonian kuandika habari zake mwaka 1998. Msiuchanganye na ule wa kutafuta vitu kwa setilaiti na simu, huo umezaliwa 2000. Huu wa muhuri hauhitaji hata betri.

---

Baraza_la_Langoni

Ahsante mtoro, umenipunguzia kazi.

Sasa mihuri. Nilidhani ndiyo sehemu rahisi. Champali zilizokufa ziko kila pembe ya ufuo, bahari huzileta bure, nikachukua moja ya buluu nzito nikaanza kuchonga kwa wembe. Mpira wa champali ni laini mno. Mstari mwembamba unakatika, mstari mnene unajifunga wino ukiugonga. Redio yangu ya kwanza ilitoka kama kiazi kilichopigwa.

Nikaenda kwa fundi wa nakshi, rafiki wa skuli. Yeye huchonga milango ya mbambakofi, nikamuona ananidharau kwa macho. Lakini alichukua kipande cha mpira wa gurudumu, akakibandika kwenye kibao, akachonga kwa patasi ndogo ambayo ncha yake ni kama ukucha wa mtoto. Dakika ishirini, amemaliza. Nikamwambia aongeze neno SAUTI chini. Akaongeza. Nikagonga kwenye karatasi: ITUAS, na S yenyewe imegeuka. Tulitazamana. Mtu amechonga aya kwenye milango miaka ishirini na tano, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba muhuri husoma kinyume.

Muhuri ule hatukuutupa. Ndio wa kisanduku cha pili mpaka leo, na watoto wanaupenda kuliko yote.

---

Mdigo_wa_Ukunda

ITUAS 😂😂 hiyo ndiyo idhaa ya majini.

---

chai_ya_maziwa_TZ

Samahani wakuu, champali ndio kandambili?

---

Kasa_Mzee

Ndio, ndara, kandambili, pata pata, champali, yote kiatu kimoja. Mleta uzi rudi.

---

Baraza_la_Langoni

Kisanduku cha kwanza. Hapa nilitaka fumbo la heshima, si "geuka kulia tembea hatua kumi". Huu ni mji wa washairi, ukiandika fumbo bila vina watu watakusema mpaka msikitini. Nikaandika hivi:

*Anza hapo uwanjani, mbele ya ngome ya kale,*
*Kuna wazee makini, huketi hapo milele,*
*Mwenye redio kwapani, salamu umpe yule,*
*Akikuuliza nani, sema "mawe yaanikwe".*

Wasiojua Amu: uwanja wa Mkunguni uko mbele ya ngome, ile iliyoanza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, ikawa jela mpaka 1984, sasa ni makumbusho. Na kweli kuna mzee anayetembea na redio ndogo kwapani, hata mvua inyeshe. Jina lake simtaji, mwenyewe hapendi. Tulimuomba kisanduku kikae kwake, akakubali kwa sharti moja: asije mtoto akakichukua bila kuketi.

---

Malenga_Asiye_Cheo

Mizani iko sawa, nimeihesabu kwa vidole. Lakini "milele" kwa wazee wa baraza ni kufuru kidogo, Mungu awape umri tu. Na kituo, ule mstari wa mwisho, kimeacha kina cha mwisho, ila nakuachia, kituo kina ruhusa yake.

---

Baraza_la_Langoni

Nilijua utakuja.

Sasa "mawe yaanikwe". Kwa vijana: mawe ndiyo betri. Sisi tulisema mawe ya tochi, mawe ya redio. Mawe yalikuwa ghali, na redio ilikula manne mpaka sita. Sauti ikianza kufifia, babu hakununua mapya. Aliyatoa, akayapanga juani juu ya ukuta wa roshani, yamelala ubavu kama samaki wa kuanikwa, na mimi nilikuwa mlinzi wa kunguru. Magharibi ikikaribia, anayarudisha mengine yameota moto huwezi kuyashika, na redio inasema tena kwa saa moja, saa moja na nusu. Inatosha habari na salamu.

Kwa hiyo watoto walipofika kwa mzee na kumwambia "mawe yaanikwe", hakuwapa kisanduku. Aliwaambia: "Ndoo (njoo), keti." Akawauliza kama wanajua maana yake. Hakuna aliyejua. Akawaeleza mimi nilivyowaeleza nyinyi, ila yeye kwa dakika arubaini, na katikati akaingiza habari ya mtu aliyeyachemsha mawe kwenye sufuria. Ndipo akatoa kisanduku. Muhuri wake ni mawe manne chini ya jua.

---

FundiLehemu

Wanaodhani kuanika mawe ni ushirikina, hapana. Umeme wa jiwe kavu hutoka kwenye kemikali, na joto huzifanya zichangamke, basi mabaki yaliyomo hutoka kidogo zaidi. Halijajaa upya, limekamuliwa. Kuchemsha usijaribu, linapasuka.

Nami niseme la redio ya mbao ya babu yako. Ikiwa ina kioo chenye majina ya miji, kuna uwezekano ni ya valvu. Hizo ukiwasha hazisemi papo hapo, mpaka vile vichupa vya kioo ndani vipate moto, ndipo sauti inakuja polepole kama mtu anayepanda ngazi. Usiiunganishe na stima kabla ya fundi kuifungua! Vifaa vya ndani vilivyokaa miaka mingi hupasuka, na zile redio zina volti za kuua hata baada ya kuzimwa. Iache iwe pambo.

---

Baraza_la_Langoni

Nimekusikia fundi. Ilikuwa niijaribu kesho.

---

FundiLehemu

Ndio maana nimeandika.

---

Mwana_wa_Usita

Na mimi niongeze, nimekua mtaa wa Mkomani. Kwetu eriali ilikuwa waya wa shaba kutoka paa la nyumba yetu mpaka paa la jirani, kuvuka kichochoro. Jirani akigombana na baba, anaukata. Tulijua hali ya ujirani kwa kusikiliza kama Mombasa inashika.

---

Baraza_la_Langoni

Hahaha, hiyo ningeiweka kwenye muhuri.

Cha pili nipite haraka. Kiko Usita wa Mui, barabara kuu ya mji, kwenye duka lililo hatua chache kutoka ile nyumba ya posta ya Wajerumani. Walifungua posta Amu Novemba 1888 wakafunga Machi 1891, miaka miwili na kitu tu, lakini makumbusho yake yapo mpaka leo. Kisanduku kinahusu kadi za salamu, maana salamu zilikwenda kwa posta. Unanunua kadi, unajaza majina ya unaowasalimu, unatuma, halafu unakaa wiki kadhaa redio iko wazi ukisubiri jina lako. Mama yangu mdogo alikuwa na jina la redioni ambalo sitaliandika hapa kwa sababu ana wajukuu.

Cha tatu ndicho kilichonipeleka kubaya.

Wakati ule bado nilikuwa nafuata sheria za Wazungu, kwamba kisanduku sharti kifichwe. Nikachukua kopo la plastiki la rangi nyeusi, nikalifunga vizuri kwa utepe ili maji ya bahari yasiingie, nikalisukuma chini ya mawe ya matumbawe kando ya njia ya pwani ya kwenda Shela. Saa kumi na mbili alfajiri, peke yangu, nikiangalia nyuma kila dakika nisionwe na watoto.

Jamani, sasa isomeni hiyo sentensi kama mtu wa Lamu.

---

Kasa_Mzee

Ya Rabbi.

---

Mdigo_wa_Ukunda

Kopo jeusi limefungwa utepe, alfajiri, pwani ya Lamu. Ndugu yangu wewe una akili?

---

Baraza_la_Langoni

Sina. Mvuvi mmoja alikuwa akirudi na mtumbwi, akaniona. Hakunitambua kwa sababu nilikuwa nimejitanda kikoi kichwani kwa umande. Saa mbili napigiwa simu na jirani: "Usende upande wa Shela yeo, kuna kitu kimewekwa, watu wametimuliwa."

Nilihisi miguu imekuwa maji. Nikakimbia. Nikakuta kamba, askari, umati, na punda wawili ambao hakuna aliyeweza kuwaondoa. Nikasema kwa sauti ya kinyonge kwamba ni kisanduku changu, kina daftari. Yule askari aliniangalia kwa muda mrefu sana. "Daftari la nini?" La redio. "Redio ya nani?" Kila jibu lilinizamisha zaidi. Nikaambiwa niketi chini.

Mwisho mtaalamu wao alikifungua. Akatoa daftari, penseli, karatasi yenye shairi, na muhuri wa mpira wenye picha ya mwezi. Akaugeuza muhuri, akaunusa, akaugonga kwenye kiganja chake. Wino ulikuwa umekauka kidogo, ukatoka mwezi nusu.

Nilikaa mbele ya meza ya mkubwa wao mpaka Adhuhuri. Siwalaumu. Kwa tuliyoyapitia kaunti hii tangu 2014, mashambulizi, kafyu na misiba, mtu akiweka kopo pwani gizani anastahili alichokipata. Nilisaini karatasi, nikapewa onyo, nikarudishiwa muhuri. Daftari walibaki nalo.

---

Mama_Fii

Pole baba. Lakini ulikosea toka mwanzo. Amu hakuna kitu kinachofichwa. Mimi nikinunua samaki sokoni, kabla sijafika nyumbani mtaa mzima unajua ni changu au ni tafi. Wewe unataka kuficha sanduku!

---

Baraza_la_Langoni

Hayo hayo ndiyo aliyoniambia mzee wa Mkunguni jioni ile, nilipokwenda kumuomba radhi kwa aibu niliyowaletea. Alisema: "Cha kwanza umekiweka kwangu, hakuna aliyekimbia. Kwa nini cha tatu umekipa mawe?"

Halafu akaniuliza kama niliwahi kuona redio iliyofichwa. Nikafikiri. Sikuwahi. Ya babu ilikaa barazani, ya msusi wa makuti ilining'inia msumarini nje ya mlango, ya muuza kahawa ilikuwa juu ya debe. Ulikuwa hutafuti redio, ulifuata masikio. Ukitoka Langoni hadi Mkomani saa ya habari hukupoteza hata sentensi moja, uliichukua baraza hii ukaimalizia baraza ile.

Basi tukabadilisha sheria. Kisanduku hakikai mahali, kinakaa na mtu. Fumbo halikuelekezi kwenye jiwe, linakuelekeza kwa nani umuulize. Na hupewi mpaka usikilize.

---

mtoro_wa_pate

Mnajua huku kuna wanaofanya karibu na hivyo? Mtu anabeba muhuri mfukoni, na ukijua neno la kumwambia anakutolea. Lakini hayo ni mambo ya mikutano yao. Kuufanya mchezo mzima uwe hivyo sijaona. Mmeugeuza ukawa wa Kiamu.

---

Mwl_Ngomeni

Natoka Malindi na sitakubali Amu ipate sifa peke yake. Mkitaka mawimbi njooni kwetu. Kule Ngomeni kuna majukwaa ya San Marco yamesimama baharini, Waitaliano walirusha roketi kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970 iliondoka setilaiti ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, na ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchungulia miali ya eksirei kutoka nyotani. Na nchi kavu kuna eriali za sahani zinazosikiliza huko juu. Nyinyi mlikuwa mkisikiliza Mombasa, sisi tukisikiliza nyota.

---

Kasa_Mzee

Nyota hazisomi salamu.

---

Mwl_Ngomeni

😂 Nimekubali. Lakini visanduku vya Malindi vitakuja, tutaanzia nguzo ya Vasco da Gama.

---

Baraza_la_Langoni

Tunasubiri. Weka na mtu, usiweke na jiwe.

Kisanduku cha tatu sasa kiko kwa muuza kahawa wa pwani, na ule muhuri wa mwezi ndio huo huo ulionuswa. Fundi, nilikuwa nataka ueleze hapa kwa nini usiku.

---

FundiLehemu

Kwa ufupi. Mawimbi ya kati mchana hutambaa chini, yakafuata ardhi na bahari. Bahari ni nzuri kwao kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko mchanga mkavu, ndio maana pwani tulishika Mombasa wakati mtu wa bara, kwa umbali huo huo, anasikia mchakacho. Kutoka Mombasa mpaka Lamu kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 240. Sasa juu angani kuna tabaka ambalo jua hulichaji mchana, na hilo humeza mawimbi yanayopanda. Jua likizama tabaka la chini hutoweka, mawimbi yanapanda mpaka tabaka la juu zaidi na kudundwa kurudi chini, mbali. Usiku ndipo ulipopata stesheni za watu wengine, na ndipo zilipoanza kupandana, Kiswahili chini, Kiarabu juu yake.

Mawimbi mafupi ni habari nyingine, hayo yanadunda hata mchana. Cairo, London, hayo yote yalikuja kwa mawimbi mafupi.

---

Bi_Mkubwa_Mstaafu

Wanangu naona mnataja Cairo. Baba yangu alikuwa mtu wa Cairo. Wao walianza Kiswahili 1954, wakati wa Mwingereza, na kulikuwa na watu walioshusha sauti wakati wa kuisikiliza. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaja 1957, mwezi wa Juni. Baba alisikiliza zote mbili, halafu akasema ukweli uko katikati, pale penye mchakacho. Lakini moyo wake ulikuwa Sauti ya Mvita, stesheni ya Mombasa, maana ile ilitusemesha Kiswahili chetu, na taarabu tuliyoijua.

Uhuru ulipokuja, 1964 KBC, redio ya taifa, ikawa Sauti ya Kenya, na 1989 ikarudi kuitwa KBC. Mimi mpaka leo nasema Sauti ya Kenya, wajukuu wananisahihisha.

---

Baraza_la_Langoni

Shikamoo Bi Mkubwa. Hilo la ukweli uko kwenye mchakacho naliiba.

Mwezi wa kwenye muhuri una maana mbili. Moja ni ya fundi. Ya pili, wenyeji wameshaijua: usiku wa kuandama mwezi. Tarehe ishirini na tisa, redio imewekwa katikati ya baraza, hakuna anayesema. Mnangoja Kadhi Mkuu atangaze. Na wakati huo huo kuna mvuvi ameketi pembeni anaapa ameuona kwa macho yake mawili juu ya kisiwa cha Manda, na kuna mwingine anasema mwezi haukai upande huo, umeona taa ya ndege. Redio inasema moja, baraza inasema tatu. Watoto walipofika kwa muuza kahawa aliwaigizia mjadala wote, sauti za watu wanne, akiwa anamimina.

---

Malenga_Asiye_Cheo

Tunasema "redio", lakini kuna wazee wetu waliohangaika na majina ya hivi vitu. Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa huko huko Lamu, ndiye aliyetupa "runinga", kutoka rununu na maninga: habari za kusikia, na macho. Redio imebaki redio. Labda ina maskani tayari.

---

Mama_Fii

Na taarabu mumeisahau? Udi wa Zein l'Abdin, mtoto wa Amu. Ukisikia ule udi redioni unaacha nazi inakunika nusu.

---

Baraza_la_Langoni

Hatujasahau, uko kwenye cha nne. Cha nne kiko kwa fundi wa mashua njiani, muhuri ni eriali kati ya minazi miwili, na yeye hutoa kisanduku ukishamsikiliza akiimba ubeti mmoja. Anaimba vibaya. Tumemwambia.

Neno kwa watakaotembea: Amu hadi Shela ni kama kilomita tatu, dakika arubaini na tano kwa mguu wa kawaida, saa na nusu kwa mguu wa barazani. Nendeni maji yakiwa yamekupwa. Maji ya bamvua yakijaa kuna sehemu utavua viatu na kubeba daftari kichwani. Na mkifika Shela msiende kuchimba kwenye vilima vya mchanga eti kuna kisanduku. Hakipo. Chini ya ule mchanga ndimo yalimo maji matamu ya mji mzima, paacheni.

Cha tano kiko kwa nahodha mmoja pale Shela. Muhuri ni maikrofoni. Hiki ni kwa heshima ya Leonard Mambo Mbotela, aliyetuacha Februari 2025. Kipindi chake cha *Je, Huu ni Ungwana?* kilianza 1966, na sidhani kuna nyumba ya pwani ambayo mtoto hakuwahi kusutwa kwa hayo maneno manne. Nahodha anakuuliza swali kwa sauti ile ile. Mpwa wangu alikuwa wa kwanza kufika, amechoka, akasema tu "nataka kisanduku". Nahodha akavuta pumzi: "Mtu anafika kwa watu, hasalimu, hapigi hodi, anaanza na anachokitaka. Je, huu... ni ungwana?"

Mtoto alirudi nyuma hatua tano, akaja upya.

---

Kasa_Mzee

Hapo nimecheka mpaka mke wangu ameuliza.

---

Bi_Mkubwa_Mstaafu

Sauti yake nyinyi mnaikumbuka kwa ungwana. Sisi wengine tunaikumbuka pia kwa asubuhi ya Agosti mosi 1982, aliposhurutishwa na wanajeshi kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nachambua mchele. Baba alisema: huyu leo hasomi kwa hiari yake, sikilizeni anavyovuta pumzi. Tuliijua pumzi yake.

---

Baraza_la_Langoni

Bi Mkubwa, ukiwa na nafasi, ungekubali kuwa na kisanduku? Cha sita. Tutakuletea mpaka nyumbani.

---

Bi_Mkubwa_Mstaafu

Niko Mombasa siku hizi, magoti hayapandi boti. Lakini nina kitu. Kwenye mkoba wa marehemu mume wangu kuna kadi ya salamu aliyoijaza na hakuituma. Majina kumi na mawili, mwandiko wake. Nimeyahesabu usiku huu baada ya kusoma uzi wenu, walio hai ni watatu, na mmoja wao yuko hapo hapo Amu. Yafaa kwa mchezo wenu?

---

Baraza_la_Langoni

Yafaa sana. Lakini isije kwa posta, wala isiingie sandukuni. Mpwa wangu anakuja Mombasa skuli zikifungwa, atakuja kuichukua mwenyewe, na nitamfundisha kupiga hodi. Aliyeko Amu ni nani, tumpelekee salamu zake?

---

Bi_Mkubwa_Mstaafu

Si wa kutafutwa. Ana redio kwapani.

---

Kasa_Mzee

…

---

Baraza_la_Langoni

Jumamosi ijayo maji yanakupwa asubuhi. Tunakutana Mkunguni saa moja. Mje na daftari, wino ninao.